Simu Iliyofundishwa Kusikiliza Pumzi

Kabla ya kuendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Vuta pumzi mpaka kifua kijae. Kisha itoe yote kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuzima koroboi iliyo mbali naye. Usiache mpaka hewa iishe.

Umesikia nini? Umesikia sauti. Mwanzoni sauti ilikuwa kubwa. Halafu ilipungua, ikapungua, ikaisha.

Sauti hiyo ina habari ndani yake. Inaeleza jinsi mapafu yako yanavyofanya kazi. Katika somo hili utasoma habari za wanafunzi wa chuo kikuu waliofundisha simu kuisikiliza sauti hiyo na kuigeuza kuwa hesabu. Utasoma pia jinsi walivyouona upungufu katika kazi yao wenyewe, na jinsi walivyourekebisha.

1. Mapafu yakibana

Hewa unayovuta hupita kooni na kushuka kwenye mirija ya mapafu. Mirija hiyo hugawanyika kama matawi ya mti. Kila tawi huzaa matawi madogo zaidi. Kwa mtu mwenye afya mirija iko wazi, na hewa huingia na kutoka bila shida.

Kwa mtu mwenye pumu, mirija hubana kwa muda, kisha hufunguka. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao hubana mirija pole pole, mwaka baada ya mwaka. Mirija hiyo haifunguki tena sawasawa. Wataalamu wanauita ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Huletwa hasa na moshi wa tumbaku, na moshi wa kuni na mkaa katika jiko lisilopitisha hewa. Vumbi la kazini pia huuleta.

Huu si ugonjwa mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5 duniani. Shirika hilo linakadiria pia kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, kwa sababu moshi huleta magonjwa mengi: ya mapafu, ya moyo, kiharusi, na homa ya mapafu ya watoto wadogo.

Ugonjwa huu hauji kwa kishindo. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani alikuwa hapumziki njiani. Mwaka huu anapumzika mara 1. Mwaka ujao anapumzika mara 3. Anasema, "Ni uzee huu." Huenda ni uzee kweli. Huenda si uzee. Atajuaje? Lazima pumzi yake ipimwe.

2. Kupima pumzi kwa maji

Mwaka 1846 daktari mmoja wa Uingereza, John Hutchinson, aliwaeleza wenzake chombo chake cha kupimia pumzi. Kilikuwa chombo kama kopo kubwa lililofudikizwa ndani ya maji. Mtu alipuliza kwa mrija, hewa ikaingia chini ya kopo, kopo likapanda. Kadiri kopo lilivyopanda, ndivyo pumzi ilivyokuwa nyingi. Aliwapima watu zaidi ya 2,000. Akaona kwamba watu warefu wana pumzi nyingi kuliko watu wafupi.

Ninyi pia mnaweza kuliona jambo hili darasani. Tafuteni dumu la lita 5 linaloonyesha maji yaliyomo ndani. Chukueni beseni kubwa lenye maji kidogo, na mpira mwembamba ulio safi. Jazeni dumu maji mpaka juu. Zibeni mdomo wake kwa kiganja, mligeuze kichwa chini ndani ya beseni, kisha ondoeni kiganja. Maji hayatamwagika, yatabaki ndani ya dumu. Ingizeni ncha moja ya mpira katika mdomo wa dumu. Sasa mtu mmoja avute pumzi mpaka mwisho, apulize kwenye ncha ya pili mpaka hewa iishe.

Hewa itapanda juu ya dumu na kuyasukuma maji nje. Pale maji yalipoishia ndipo kipimo cha pumzi yake. Watu wazima wengi wenye afya hutoa lita 3 mpaka 5 kwa pumzi moja kubwa.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, watu wasipokezane mpira kinywani, maana kifua kikuu na magonjwa mengine huambukiza. Apulize mtu mmoja tu, wengine watazame. Pili, mtu mwenye ugonjwa wa kifua au wa moyo asipulize.

3. Siri ya sekunde ya kwanza

Dumu linaonyesha wingi wa pumzi. Lakini halionyeshi mwendo wake, na mwendo ndio wenye siri.

Chukua chupa mbili zenye lita 1 ya maji kila moja. Chupa ya kwanza ina shingo pana, ya pili ina shingo nyembamba. Zigeuze zote mbili kwa pamoja. Zote zitatoa lita 1, lakini ya pili itachelewa kumaliza. Mapafu yenye mirija iliyobana ni kama chupa ya pili.

Tuchukue mfano. Bakari na Shukuru wote wana lita 4 za pumzi. Bakari akipuliza kwa nguvu, lita 3 hutoka katika sekunde ya kwanza. Hiyo ni robo tatu ya pumzi yake, yaani 75 kwa 100. Shukuru akipuliza, lita 2 tu hutoka katika sekunde ya kwanza. Hiyo ni nusu, yaani 50 kwa 100. Hesabu ikiwa chini ya 70 kwa 100, daktari hushuku kwamba mirija imebana. Humpa mgonjwa dawa ya kufungua mirija, kisha humpima tena kabla ya kusema lolote.

Hospitali kubwa zina mashine ya kupima jambo hili. Mgonjwa hupuliza kwenye bomba, na mtaalamu husimama kando akimhimiza, "Puliza! Puliza! Usiache! Puliza!" Lazima ahimizwe, kwa maana asipotoa pumzi yote kwa nguvu, hesabu itakuwa ya uongo.

Lakini mashine hizo ni ghali, na haziko kila mahali. Mtu anayekaa mbali na hospitali hupimwa mara chache, au hapimwi kabisa. Na mwenye pumu huweza kuwa mzima siku ya kwenda hospitali, akazidiwa usiku wa siku ya tatu akiwa nyumbani.

4. Wanafunzi wa Seattle

Katika mji wa Seattle, Marekani, kuna chuo kikuu kinachoitwa Chuo Kikuu cha Washington. Huko walikuwako wanafunzi wawili, Eric Larson na Mayank Goel. Walikuwa wakisomea shahada ya udaktari chini ya mwalimu wao, Profesa Shwetak Patel.

Udaktari huu si wa kutibu watu. Ni shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu. Mwanafunzi haipati kwa kukariri vitabu. Lazima atafute jambo jipya, alipime, aliandike, na awaonyeshe wataalamu wengine ili walikague.

Wanafunzi hawa walishughulika na elimu ya watu na kompyuta. Mtu wa elimu hii haulizi tu, "Je, mashine inafanya kazi?" Huuliza pia, "Inafanya kazi mikononi mwa nani? Wapi? Mtu huyo ataweza kuitumia akiwa peke yake?" Walichunguza pia jinsi chombo kinavyoweza kuhisi mambo. Simu ina kitu kama jicho, ndiyo kamera. Ina kitu kama sikio, ndilo lile tundu unalosemea. Simu husikia sauti ya mwenye simu. Kwa nini isisikie pumzi yake?

Mwaka 2012, pamoja na madaktari wa mapafu, walieleza chombo chao. Walikiita SpiroSmart. Hakikuwa mashine mpya. Kilikuwa maagizo yaliyowekwa ndani ya simu ya kupangusa, ambayo wengine huiita simu janja. Mtu hushika simu mbele yake kwa mkono ulionyooshwa. Huvuta pumzi mpaka mwisho, kisha huipulizia simu kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Simu hunasa sauti, na kompyuta hupiga hesabu.

5. Simu hufundishwaje?

Pengine unajiuliza, sauti inawezaje kugeuka kuwa lita? Fikiri juu ya upepo. Upepo mdogo hunong'ona majanini. Upepo mkali huvuma kwenye paa. Hata ukiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa, unajua upepo wa nje una nguvu gani, kwa kuusikiliza tu. Pumzi nayo ni upepo. Inapopita kooni, kinywani na midomoni hutoa sauti, na sauti hubadilika kwa kadiri ya mwendo wa hewa.

Kuna shida. Sauti inayotoka mbali husikika ndogo, na inayotoka karibu husikika kubwa. Basi kompyuta lazima ikadirie umbali kati ya mdomo na simu. Tena vinywa vya watu havilingani. Basi kompyuta lazima ifundishwe.

Mfikirie mchuuzi wa samaki wa siku nyingi. Huinua samaki kwa mkono, akasema, "Huyu ni kilo 2." Ukimweka kwenye mizani, ni kilo 2 kweli. Alijuaje? Aliinua samaki wengi sana, na kila mara aliwalinganisha na mizani. Mkono wake umefundishwa na mizani.

Ndivyo kompyuta ilivyofundishwa. Mtu alipulizia simu, kisha alipuliza kwenye mashine ya kweli. Kompyuta ikapewa sauti pamoja na jibu sahihi. Mtu wa pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Baada ya mifano mingi kompyuta iliweza kusikia sauti ya mtu mgeni na kukadiria jibu lake.

Wanafunzi waliwajaribu watu 52. Kwa wastani, jibu la simu lilitofautiana na la mashine kwa 5 hivi kwa 100. Maana yake, mashine ikisema 100, simu husema karibu 95 au 105. Lilikuwa jambo la kutia moyo. Lakini wengi wa watu hao 52 walikuwa wenye afya. Kazi ilikuwa bado haijaisha.

6. Simu ya nani?

Katika miaka 4 iliyofuata, chombo kilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 4,000. Wengine walikuwa wa upande wa Seattle, wengine wa India na Bangladesh.

Hapo ndipo upungufu ulipoonekana. Chombo kilitaka simu ya kupangusa. Lakini katika nchi nyingi ambako watu wengi huumwa mapafu, watu wengi hawakuwa na simu hizo. Walikuwa na simu ndogo za vitufe. Kwa hiyo aliyekihitaji zaidi chombo hicho ndiye asiyeweza kukitumia.

Wangeweza kusema, "Watu hao wangoje mpaka wapate simu kubwa." Wanafunzi hawakusema hivyo. Walirudi kazini. Walijiuliza, "Simu zote, kubwa na ndogo, mpya na kuukuu, zina kitu gani kimoja?" Jibu lilikuwa rahisi. Simu zote hupiga simu.

Mwaka 2016 Mayank Goel na wenzake walieleza chombo cha pili, SpiroCall. Hiki hakihitaji kuwekwa ndani ya simu ya mgonjwa. Mgonjwa hupiga namba fulani, kama anayempigia ndugu yake. Kisha hupuliza. Sauti ya pumzi husafiri katika mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta iliyo mbali, nayo ndiyo inayopiga hesabu. Mzigo wa akili umetolewa kwenye simu ya mgonjwa ukapelekwa kwenye kompyuta.

7. Filimbi

Lakini njia ya simu huipunguza sauti. Wewe mwenyewe unajua jambo hili. Mwanao akikupigia kutoka mjini, unamtambua, lakini sauti yake si ile ya ana kwa ana. Imekonda. Kwa pumzi, sauti iliyokonda ni habari iliyopotea.

Basi wakajaribu filimbi ndogo ya plastiki. Mtu hupuliza kwenye filimbi badala ya kupuliza hewani. Hewa huzunguka ndani yake na kulia. Ikienda kwa kasi, filimbi hulia kwa sauti nyembamba. Ikienda pole pole, hulia kwa sauti nene. Sasa kompyuta haina haja ya kujua kama sauti ni kubwa au ndogo. Inasikiliza tu kama ni nene au nyembamba. Hata simu ikiwa mbovu, wimbo unaoujua utautambua. Vivyo hivyo, wembamba wa sauti ya filimbi haupotei njiani.

Walijaribu chombo kwa watu 50, wakakilinganisha na mashine mbili za hospitali. Safari hii tofauti ilikuwa 6.2 kwa 100 kwa wastani. Waliona kwamba tofauti hiyo inakubalika, iwe kwa filimbi au bila filimbi.

8. Kipimo si dawa

Ndugu msomaji, usifunge kitabu ukaanza kuipulizia simu yako. Simu isiyopewa maagizo hayo haitakujibu. Na chombo chenyewe kina mipaka yake. Mahali penye kelele, simu husikia kelele pia. Mtu asiyepuliza kwa nguvu zote atapata jibu la uongo. Na hesabu peke yake haitoshi. Lazima mganga akusikilize, akupime, na akuulize maswali.

Tena, kipimo si dawa. Mizani ya kliniki haimnenepeshi mtoto, bali humwonyesha mama kwamba mtoto amepungua, ili achukue hatua mapema. Kipimo cha pumzi ni hivyo hivyo. Mirija iliyoharibiwa na moshi kwa miaka 20 hairudi kuwa mipya. Lakini mtu akijua mapema, anaweza kuzuia isiharibike zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

9. Wewe ufanye nini?

Usingoje simu. Yako mambo unayoweza kuyafanya leo.

Kwanza, punguza moshi jikoni. Kausha kuni vizuri, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Toboa dirisha, au pika nje mvua isiponyesha. Ukiweza, jenga jiko lenye bomba la kutolea moshi. Mtoto asikae karibu na moto wenye moshi.

Pili, acha tumbaku.

Tatu, mtu akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, aende zahanati akapimwe kifua kikuu.

Nne, usiseme upesi, "Ni uzee." Mtu akipungukiwa pumzi kuliko mwaka jana, aende akamweleze mganga. Aeleze kwa hesabu, kwa mfano: "Mwaka jana nilipanda kilima bila kupumzika. Sasa napumzika mara 2." Maneno hayo humsaidia mganga kuliko kusema "naumwa kifua" tu.

Umejifunza kusoma na kuhesabu. Hiyo pia ni kazi ya mtaalamu: kuangalia, kuhesabu, kuandika, na kulinganisha. Wanafunzi wa Seattle walianza hivyo hivyo. Tena walipoona chombo chao hakimfikii mtu wa simu ndogo, hawakumlaumu mtu huyo. Walikibadilisha chombo. Basi siku mtakapoletewa mashine mpya kijijini, iwe ya kusaga, ya kupimia maji au ya hospitali, ulizeni kama wao: "Je, inatufaa sisi, hapa tunapoishi?" Ikiwa haifai, semeni.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtu huweza kuugua mapafu kwa miaka mingi bila kujua?

2. Neema ana lita 3 za pumzi. Katika sekunde ya kwanza hutoa lita 2 na nusu. Je, mirija yake inaonyesha kubana?

3. Mchuuzi wa samaki na kompyuta ya pumzi wanafanana katika jambo gani?

4. Kwa nini wanafunzi wa Seattle walitengeneza chombo cha pili?

5. Hesabuni majiko ya jirani zenu 10. Mangapi yana dirisha au bomba la kutolea moshi? Andikeni hesabu hiyo, kisha jadilini mtaanza na jiko la nani.